Saumu Zilale Chumvini Pamoja

Mimi nimefika mahali ambapo hakuna kitu cha kunishangaza. Nimetengeneza achari ya saumu yenye pilipili katika mji huu tangu wengi wenu hamjazaliwa. Nimeona chupa niliyoifunga ikiwa na joto ikilipuka yenyewe juu ya meza ya mkurugenzi, mafuta mekundu yakaruka hadi kwenye tai yake, na bado nikamuuzia nyingine. Nimeona saumu nyeupe pe ikilala kwenye siki na kuamka kijani. Niliacha shule darasa la sita, na leo naishi Kilimani, ghorofa ya tano, nyumba yangu si ya kukodi, na lifti hunipandisha bila kuniuliza cheti. Mtu kama huyo atashangazwa na nini?

Nilishangazwa na mama mmoja mzee aliyetia punje ya achari mdomoni, akaitafuna kidogo, akaitoa polepole kwa kitambaa, akakikunja kitambaa na kukiweka kando ya kikombe chake cha chai. Na achari ilikuwa yangu.

Huyo ni Bi Rukia. Ni mtu wa Mombasa, mjane, na tangu nimjue amekaa juu ya duka la vitambaa Mtaa wa Biashara, mjini, ngazi za kupanda hadi magoti yalie. Marehemu mumewe alikuwa akiuza viungo hapo chini. Bi Rukia mwenyewe ndiye aliyenifundisha kazi. Sasa magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi, na binti yake alikuwa amemwita arudi Mombasa moja kwa moja. Alikuwa asafiri Jumatatu. Alinipigia simu akaniambia hataki zawadi nyingine yoyote ila chupa moja ya achari ya mkono wangu, aende nayo kwa dada yake. Huyo dada, kwa miaka yote, amekuwa akimwambia kwamba Nairobi hakuna mtu anayejua achari, na kwamba yeye Rukia amepoteza maisha yake kufundisha watu wa bara.

Mimi nikaenda dukani hapo Adams Arcade, nikachukua chupa yenye picha ya uso wangu. Biashara nilishaiuza kwa kijana mmoja mwerevu, lakini uso alibaki nao, ulikuwa ndani ya bei. Nikapanda ngazi kwa Bi Rukia nikiwa na shati jipya.

Baada ya kile kitambaa, aliigeuza chupa akaisukuma upande wangu.

"Hii si yako, Wafula."

"Bi, si huo ni uso wangu?"

"Uso wauona hata kipofu. Nakuuliza saumu ni ya nani?"

Nilishuka zile ngazi nikiwa nimeifunika ile picha kwa kiganja.

Sasa ngojeni niwaambie nilivyofika kwake, ndipo mtaelewa kwa nini neno hilo liliniuma hivyo. Nilitoka kwetu upande wa Kakamega na begi moja, nikawa mbebaji wa magunia katika soko la Marikiti. Siku moja nilipeleka gunia la saumu juu kwa Bi Rukia. Nilidhani nitalitua mlangoni nilipwe niende. Ndani wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mkeka, kila mmoja na kisu kidogo na sinia mapajani, wanamenya na kucheka. Bi Rukia akaniambia nivue viatu nikae. Nikamwambia mimi ni mbebaji. Akasema mbebaji pia ana vidole.

Hiyo ndiyo shule yangu. Alinifundisha kuchagua saumu zetu ndogo zenye wekundu kwenye ganda, si zile kubwa nyeupe za kutoka ng'ambo ambazo ni maji na majivuno. Alinifundisha kuzitawanya punje kwenye ungo juani mpaka ganda likauke liwe kama karatasi, ndipo kisu kiguse kitako tu na ganda lianguke lenyewe. Usiloweke saumu majini ili imenyeke haraka. Maji yakiingia hayatoki, na achari yenye maji huota ndevu. Baada ya kumenya, chumvi na manjano, zilale. Kesho yake mwaga ule mchuzi, zianike tena, kisha siki. Siki kwanza, mafuta baadaye, na saumu ikae kwenye siki mpaka ikolee hadi moyoni. Mtu anayetumbukiza saumu mbichi kwenye mafuta matupu na kuiweka kabatini anatafuta kuua wageni. Ndipo haradali na uwatu zikaangwe kavu na kutwangwa, pilipili nyekundu iliyokauka, na mafuta yaliyochemka yakapoa kabisa. Chupa ianikwe juani mdomo wazi. Kijiko kikavu, siku zote. Kuna mteja wangu mmoja wa ofisi huko Kilimani aliyenirudishia chupa yenye ukungu akiwa amekasirika, nikamuuliza kijiko alikuwa akikitoa wapi. Alikuwa akikitoa kwenye kikombe cha chai.

Msifikiri nilijua haya bila maumivu. Siku ya kwanza kutwanga pilipili nilijiona mwanamume, nikatwanga kinu kizima bila kupumzika, halafu nikaenda msalani. Nyinyi vijana wa kiume, katika kazi hii mikono huoshwa kabla, si baada. Sitaeleza zaidi. Bi Rukia alisikia kelele, akaja hadi mlangoni akasema kwa upole:

"Maziwa nimeweka hapa nje, mwanangu. Si ya kunywa."

Na ile saumu iliyogeuka kijani? Hiyo ilinipata nilipoanza kujitegemea. Nilinunua saumu changa, nikaona uvivu kuzianika, nikazitia kwenye siki. Asubuhi zilikuwa kijani kama sukuma wiki. Nilijua ni mkono wa mtu. Nilizifunga kwenye gazeti nikapanda nazo kwa Bi Rukia, na njiani nilikuwa nimeshampata adui, jirani aliyenikopa jiko. Bi Rukia akachukua punje moja ya kijani akaila mbele yangu. Akanieleza kwamba saumu changa, au iliyopondeka, ikikutana na siki hugeuka rangi, haina sumu, ila mteja huwezi kumpa mhadhara dukani. Nikaenda kumsalimia yule jirani kwa heshima kubwa, hakujua kwa nini.

Nilipooa, tulipanga chumba kimoja Kabiria, mimi na Mama Linet, katika ploti ya mabati yenye ua katikati na mfereji mmoja wa maji. Hapo ndipo jina langu katika achari lilipozaliwa. Jumamosi, saumu zikishakauka, Mama Linet alitandaza mikeka uani na wanawake wa ploti walitoka kila mmoja na kisu chake. Wengi walikuwa watu wa kwetu, magharibi, wafua nguo na wauza mboga, mmoja alikuwa mshonaji. Sikuwalipa mshahara. Desturi tuliyoichukua kwa Bi Rukia ilikuwa hivi: mwenye saumu anatoa chai na mandazi, kila anayemenya anapata chupa yake achari ikiiva, na hakuna anayeinuka kabla punje ya mwisho haijamenywa. Hata kama mume anaita. Hata kama mtoto amejikojolea, ataletwa hapo hapo.

Aliyetawala mkeka alikuwa Mama Brayo, muuza mboga. Ulimi wake ungemenya saumu bila kisu. Kila jambo la Kabiria lilipita pale: nani amehama bila kulipa, mchungaji gani amenunua gari, bwana gani amelala kwenye mlango usio wake. Halafu bila mtu kupanga, mmoja alianza wimbo wa kanisa, sauti ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia, na visu vikafuata. Mimi nilikuwa nikikaa kizingitini nikihesabu faida kichwani. Nilidhani faida ndiyo niliyokuwa naipata pale.

Kisha oda zikawa nyingi. Maduka, mikahawa, ofisi za Kilimani. Nikanunua mashine ya kumenya, ile inayopuliza upepo mkali ndani ya pipa mpaka maganda yaruke. Nilikuwa mtu wa kwanza upande wetu kuwa nayo, na niliionyesha watu kama mtoto mchanga. Ilimenya kwa dakika kazi ya ua mzima. Wanawake walikuja kuiona, wakasimama na visu vyao mkononi. Mama Brayo aliisikiliza ikinguruma, akatingisha kichwa.

"Sawa, Baba Linet. Uiambie basi ikupigie stori."

Nilicheka sana. Kesho yake ua ulikuwa na nguo za kuanika tu.

Sitasema mashine ilikuwa kosa. Mashine ilininunulia hii nyumba. Ilisomesha Linet mpaka akawa anasahihisha barua zangu. Ni kweli ilikuwa ikichubua saumu, na saumu iliyochubuka huwa laini na yenye uchungu kidogo, lakini nilijifunza kuongeza siki na kijiko cha sukari, na wateja wakazidi. Ukiniuliza kama ningeinunua tena, ningeinunua tena. Ninachowaambia ni kitu kingine. Hapa Kilimani jioni nakaa sebuleni na nasikia lifti ikipanda na kushuka, mlango unafunguka, mtu anatoka, mlango wake unafungwa. Sijui hata mmoja wao anaitwa nani. Kuna siku nilishika saumu jikoni, si ya kupika, ya kunusa tu, na Mama Linet akaniuliza kama naumwa.

Basi. Baada ya kushuka kwa Bi Rukia niliapa nitamtengenezea achari yenyewe, kwa mikono hii. Nilinunua saumu za ganda jekundu, nikazianika kwenye roshani, nikakaa kumenya. Nilimwomba Mama Linet anisaidie.

"Vidole vyangu vilistaafu kabla yako," akasema, akaongeza sauti ya televisheni.

Nikamenya peke yangu. Nikachoka, nikalala, nikaamka, nikamenya. Zilizomenywa nilizitia chumvini, nyingine zikafuata, nyingine zikafuata tena. Nilipomaliza zilikuwa nzuri kwa macho. Nikampelekea Bi Rukia kwenye bakuli, zikiwa bado za chumvi na manjano, ili anipe ruhusa ya kuendelea. Masanduku yake yalikuwa yameshafungwa kwa kamba, chumba kina mwangwi.

Hakuonja. Alibonyeza punje moja kwa kidole gumba, ikabonyea. Akabonyeza nyingine, ngumu. Nyingine imejikunja kama sikio la mzee.

"Ulimenya peke yako," akasema.

"Umejuaje, Bi?"

"Hizi za kwanza zimenyauka zikingoja hizi za mwisho. Haziwezi kukolea sawa. Saumu, mwanangu, zataka zilale chumvini pamoja, kama watu wa nyumba moja. Wafikiri nilikuwa nawaita wale wanawake kwa kuwa naogopa upweke?" Akaangalia masanduku. "Na huo pia."

Nikamwambia chupa ataipata. Akasema siku zimekwisha, niache tu, atamwambia dada yake kwamba mwanafunzi wake alistaafu. Afadhali angenipiga kofi.

Nikaenda Kabiria siku hiyo hiyo. Ploti yetu haipo. Pamesimama ghorofa, nguo zimening'inia kwenye vyuma hadi juu, na pale palipokuwa na mkeka pana pikipiki zimeegeshwa. Nilisimama nikitafuta mfereji ulikuwa wapi. Mlinzi akaniuliza nataka nyumba ya chumba kimoja au viwili.

Mama Brayo nilimkuta barabarani kwenye kibanda chake, anakatakata sukuma, mvi zimemjaa lakini kisu hakijapungua kasi. Aliniona kutoka mbali na hakuinua kichwa.

"Mashine imekufa?"

"Niliuza."

"Kwa hivyo imemaliza stori."

Nikamweleza yote: Bi Rukia, Jumatatu, dada wa Mombasa, saumu zilizojikunja. Nikamwambia nitalipa kila mtu kibarua cha siku, tena kizuri. Kisu kikasimama.

"Pesa yako ya kibarua kaa nayo. Sisi hatukuwahi kuwa vibarua wako, ama ulisahau? Tunataka chai. Mandazi ya mkono wa Mama Linet, si ya duka. Nauli, kwa sababu huko kwenu ni mbali siku hizi. Na kila mtu chupa yake. Na tutakaa chini, usituletee mambo ya viti."

Nikakubali yote. Akarudi kwenye sukuma, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Mama Aggy, yule mshonaji, alizikwa mwaka uliopita, nisije nikamuulizia mbele ya wengine. Sikuwa nimejua.

Jumamosi walikuja. Mlinzi wa geti aliniita kwa simu akaniambia kuna kundi la wamama wenye visu wanasema wamealikwa. Nikashuka kuwachukua. Kwenye lifti walinyamaza wote, halafu ilipoanza kupanda Mama Brayo akaanza wimbo wa mazishi, wakacheka hadi ghorofa ya tano. Mama Linet, yule wa vidole vilivyostaafu, alikuwa amekanda unga tangu alfajiri. Akawakumbatia mmoja mmoja, kisha akaingia jikoni na hakutoka kwa muda.

Bi Rukia nilimtumia teksi. Alipoingia, mazulia yalikuwa yamekunjwa, mikeka imetandazwa juu ya vigae, na wanawake wamekaa duara. Aliwasalimia, akakataa kochi, akashikwa mikono huku na huku mpaka akafika chini. Akaomba kisu.

Sijui niwaelezeje ile alasiri. Maganda yaliruka mpaka chini ya televisheni. Mama Brayo alisimulia habari ya yule mchungaji na gari, na kumbe hadithi ilikuwa na sehemu ya pili ambayo sikuwahi kuisikia, maana ilitokea baada ya mashine. Bi Rukia naye akatoa ile habari yangu ya pilipili na msalani, hadithi aliyokuwa amenitunzia siri miaka yote. Mama Linet alicheka mpaka akajifuta macho, akasema sasa ameelewa jambo fulani. Hapo nikaondoka kuangalia chai. Kati ya wanawake wawili palikuwa na nafasi ya Mama Aggy kwenye mkeka. Hakuna aliyesogea kuijaza.

Jua likaanza kuinama kwenye roshani na nikaona sinia zinakaribia kuisha. Nilijua desturi: punje ya mwisho ikimenywa, watu wanainuka. Nikaingia stoo, nikatoa mfuko mwingine niliokuwa nimeuanika kwa akiba, nikaumimina kimya kimya katikati. Wakaendelea. Ulipokaribia kwisha nikakumbuka mfuko mwingine mkavu jikoni, nao nikaumimina. Wa tatu nilimtuma mlinzi wa geti akanunue, na nikalipa bei ya Kilimani bila kubishana, mimi niliyewahi kurudi Marikiti kwa miguu kwa sababu ya shilingi kumi.

Mama Brayo akashika punje moja akaigeuza kwenye mwanga.

"Baba Linet, hizi saumu zako zinazaana?"

Wote wakaniangalia. Bi Rukia aliinamisha kichwa akaendelea kumenya.

"Mwacheni," akasema. "Menyeni polepole."

Wakamenya polepole. Keateka, yaani msimamizi wa jengo, akaja kugonga, akasema ghorofa nne zimelalamika kwa harufu na sheria ya nyumba inasema faini. Walimkalisha, wakampa chai na mandazi, akala mandazi matatu, akamuuliza Mama Brayo kama anatoka upande wa kwao, ikaonekana ndiyo. Faini aliandika vilevile.

Saumu za mfuko wa mwisho hazikuwa zimeanikwa, hizo Bi Rukia aliziamuru zitengwe za kupikia. Nyingine zote ziliingia kwenye karai pamoja, chumvi ikamwagwa pamoja, na mikono yote ikaingia kugeuza. Bi Rukia akabonyeza moja, nyingine, nyingine.

"Haya," akasema. "Hizi zitalala."

Waliondoka. Jumapili sikwenda kanisani, nilikuwa na jua, siki na kinu. Jumatatu asubuhi nilimpelekea Bi Rukia chupa yake kituoni, imefungwa kwa leso, nikamwonya asiifungue mpaka siki ikolee, ndipo atie mafuta niliyoyafunga kando. Akaniuliza ni nani aliyemfundisha nani. Alipokuwa anapanda alinishika mkono, akaunusa, akaurudisha.

Chupa za wanawake nilizipeleka Kabiria mwenyewe zilipoiva. Ziliwaenea wote, moja ikaenda kwa binti wa Mama Aggy, na yangu haikubaki. Bi Rukia alinipigia mwezi uliofuata. Nikamuuliza dada yake amesemaje.

"Nimemwonjesha punje moja tu akanyamaza. Iliyobaki nimeificha."

Wazee wengine watawaambia, vijana, kwamba siku zilizopita hazinunuliki. Hao hawakujaribu. Mimi nimenunua alasiri moja, na Mama Linet alijumlisha mara mbili ili asinionee: saumu pamoja na ile mifuko iliyozaana, viungo, siki na mafuta, chupa, unga na sukari, teksi, nauli za kuja na kurudi, na faini ya kunukisha jengo. Shilingi elfu ishirini na sita, mia tatu na arobaini.